Mjadala: Wang Mang, baba mkwe wa kaizari. Mjamaa aliyeonewa au mwigizaji?

Mleta mada

Wakuu, salaam.

Kila historia ya China ya kale ikiguswa humu, hakosekani mtu wa kumsifu Wang Mang. Wiki iliyopita nimesoma tena: alikuwa mjamaa miaka elfu mbili kabla ya wajamaa wenyewe, aligawa ardhi, alipiga marufuku kuuza watumwa, wenye mashamba wakamfanyia fitina, na ukoo alioupindua uliporudi madarakani ukamchafua jina. Na si maneno ya vijiweni tu. Hu Shi, mmoja wa wasomi wakubwa wa China wa karne ya 20, naye alimwona mjamaa aliyeonewa na historia.

Mimi napinga. Sitaanzia kwenye sheria zake za ardhi, naanzia nyumbani kwake. Kabla hajawa kaizari huyu bwana alikuwa baba mkwe wa kaizari, na namna alivyoupata ukwe ndiyo namna alivyoupata ufalme.

Kwa wasiomjua: alizaliwa mwaka 45 KK. Shangazi yake, Wang Zhengjun, alikuwa malkia wa dola ya Han. Mwanawe alipokalia kiti, kaka za malkia wakamwagiwa vyeo mmoja baada ya mwingine. Kaka mmoja alikuwa amekwisha kufa kabla ya mgao, na huyo ndiye baba yake Wang Mang. Kijana akakulia ndani ya ukoo wa matajiri akiwa yatima asiye na mbele wala nyuma. Binamu zake wanashindana kwa farasi na wanawake, yeye anasoma maandiko ya Confucius na kumtunza mama mjane. Baba yake mkubwa, Wang Feng, aliyeshika jeshi na serikali, alipougua, kijana alikaa kitandani pake miezi: nywele timutimu, uso haujaoshwa, nguo hazijabadilishwa, dawa anaionja yeye kwanza. Mzee alipokuwa anakata roho akamwachia malkia wasia, mwangalie huyu mtoto.

Kufikia 8 KK ndiye amiri jeshi mkuu. Mama yake akaumwa, wake za wakubwa wakaja kumjulia hali. Akatoka mwanamke kuwapokea, sketi fupi haifiki chini, kitambaa cha bei rahisi kimefungwa mbele ya magoti. Wakamdhania mjakazi. Alikuwa mke wa amiri jeshi. Mkumbukeni huyo mwanamke, nitarudi kwake.

Sasa ndoa. Mwaka 1 KK Kaizari Ai alikufa hana mtoto. Shangazi, wakati huo bibi wa miaka sabini, siku hiyohiyo akaingia ikulu, akachukua mihuri, akamwita mtoto wa kaka yake aliyekuwa amewekwa pembeni. Wakamweka kitini mtoto wa miaka minane, Kaizari Ping. Mama mzazi wa mtoto, wa ukoo wa Wei, akazuiwa kukanyaga mji mkuu Chang'an, asije akaleta na kaka zake.

Mwaka 3 BK Wang Mang akasema kaizari aozwe, tena kwa utaratibu wa kale: malkia mmoja na mabinti kumi na mmoja wa kufuatana naye, kutoka koo za heshima. Maofisa wakaleta orodha. Imejaa mabinti wa ukoo wa Wang, wake na wa binamu zake. Wewe ungefanyaje? Yeye akamwandikia shangazi: mimi sina fadhila, binti yangu hana kipaji, haifai awekwe kundi moja na wenzake. Bibi akadhani kweli kijana ana haya. Akatoa amri: mabinti wa Wang ni damu yangu, waondoeni wote.

Rudieni kusoma hapo. Kwa sentensi moja ya unyenyekevu binamu wote wamefutwa. Ndipo watu wakaanza kumiminika kwenye lango la ikulu, wanafunzi, maofisa, raia, zaidi ya elfu moja kwa siku, wote kilio kimoja: mbona anaachwa binti wa mtukufu wetu? Wang Mang akatuma watu wakawatulize. Kadiri walivyotulizwa ndivyo walivyoongezeka. Bibi akasalimu amri, na anayerudi kwenye orodha ni binti yake Wang Mang.

Mahari ya malkia kwa desturi yao ilikuwa jin 20,000 za dhahabu (jin ya wakati ule ni kama robo kilo), sawa na sarafu milioni 200. Akakataa. Akapokea milioni 40, na katika hizo milioni 33 akazigawa kwa familia za wale mabinti kumi na mmoja. Wakubwa wakalalamika, sasa malkia amezidi masuria kwa nini? Akaongezewa milioni 23, akawa na 30, akatoa 10 kwa ndugu zake maskini. Ardhi akaikataa pia. Na kwa kuwa ameikataa, watu wakaandika kuomba apewe heshima kubwa zaidi, na makarani wakawahesabu: watu 487,572.

Mimi namba hiyo ndiyo inayonitia shaka kuliko kitu kingine chochote. Mapenzi ya wananchi yanahesabiwaje mpaka mtu wa mwisho?

Tena mwaka uleule wa kuandaa posa, mwanawe mkubwa Wang Yu aliona baba anakosea kumtenga kaizari mdogo na mama yake. Kumkabili baba hakuthubutu. Akajua mzee anaogopa mizimu, akapanga na shemeji yake usiku wamwage damu mlangoni, ionekane ni ishara kutoka mbinguni. Mlinzi akawaona. Wang Yu akatiwa ndani, akanywa sumu humohumo gerezani. Mkewe alikuwa mjamzito. Walingoja ajifungue, wakamuua. Kesi ikapanuliwa mpaka ikameza watu mamia, wakiwemo jamaa wa yule mama wa kaizari. Baba akaandika vitabu vinane vya kuwaonya wanawe na wajukuu, na serikali ikaamuru vifundishwe mashuleni sawa na andiko la kuwatii wazazi.

Mwanzoni mwa mwaka 4 BK binti akaolewa. Miaka mitano baadaye baba mkwe ndiye kaizari, na dola inaitwa Xin, maana yake "mpya".

Hoja yangu kwa ufupi: aliigiza tangu siku ya kwanza, na ujamaa wake ulikuwa tamthilia ya mwisho. Mwenye kumtetea na aje.

Kobe wa Pwani

Mkuu, umesimulia vizuri sana, na hapo ndipo ninapopata wasiwasi. Hayo yote umeyatoa kwa nani? Kwa Ban Gu, mwandishi wa historia ya Han. Na Ban Gu aliandika chini ya nani? Chini ya ukoo wa Han uliorudi baada ya kumuua Wang Mang. Ungetegemea aandike nini, kwamba mfalme aliyeuawa na mababu wa mwajiri wake alikuwa mtu mwema?

Angalia kisa cha orodha. Matendo ni haya: mtu amesema binti yangu asiwekwe. Nia umeiongeza wewe, na kabla yako aliiongeza Ban Gu. Nani alikuwa ndani ya kichwa cha Wang Mang? Mtu akikataa mahari unasema anaigiza. Angeipokea yote ungesema ana tamaa. Sasa huyo mtu atoke wapi?

Na kuna jambo umeliruka, sijui kwa bahati mbaya au makusudi. Alipokuwa ametupwa nje ya serikali, anakaa kwenye eneo lake la Xindu, mwanawe wa pili Wang Huo aliua mtumwa. Wang Mang alimlazimisha mwanawe ajiue. Nitajie mwinyi mwingine wa zama zile, China au Roma au popote unapopataka, aliyemtoa mwanawe kwa ajili ya roho ya mtumwa. Halafu mwaka 9 BK mtu huyohuyo anapanda kitini na kutangaza kwamba ni aibu watumwa kuwekwa sokoni katika zizi moja na ng'ombe na farasi, marufuku kuuza watu. Mimi naona mstari umenyooka kutoka kwa yule mtumwa wa Xindu hadi kwenye ile amri.

Ardhi nayo: mashamba yote yaitwe ya mfalme, hakuna kuuza, kaya yenye wanaume pungufu ya wanane ikiwa na zaidi ya kipimo iwagawie jamaa na majirani. Alishindwa kwa sababu matajiri walimkatalia. Mwaka 12 BK akalazimika kuifuta sheria hiyo. Mwigizaji hagombani na watazamaji wake wanaolipa.

Chumvi ya Mawe

Hii ya kutaifisha ardhi mbona kama naijua? Wazee wetu nao walihamishwa vijijini...

Mleta mada

@Chumvi ya Mawe, ndugu yangu, tafadhali. Tukiingia huko hatutoki, na wale wa 487,572 watatusubiri hadi kesho. Fungua uzi wake nitakuja.

@Kobe wa Pwani, umenibana, nakiri. Kisa cha Wang Huo sikukisahau, nilikiogopa kidogo, maana ndicho kigumu kwangu. Ban Gu naye namkubalia shaka. Ila nawe usimgeuze Ban Gu kuwa mchafuzi wa kulipwa. Mambo mazuri yote ya Wang Mang, kumwuguza mzee, mke aliyedhaniwa mjakazi, mtumwa wa Xindu, tunayajua kupitia Ban Gu huyohuyo. Mtu anayetaka kuchafua hakuwekei akiba ya sifa namna hiyo.

Na Kaizari Ping? Wengi wanasema Wang Mang alimtilia mkwewe sumu. Waasi wa Zhai Yi walioinuka mwaka 7 BK ndio waliotangaza hivyo, na baadaye wengine wakaongeza kwamba ilikuwa kwenye divai ya pilipili. Ban Gu anayaandika kama maneno ya waasi. Hasemi kwa kinywa chake kwamba ndivyo ilivyokuwa. Angekuwa mropokaji, hapo ndipo pa kuropoka.

Sasa kwenye watumwa. Kweli alipiga marufuku kuwauza. Ila soma sheria zake za fedha. Alibadilisha sarafu mara kwa mara, hadi mwaka 10 BK kukawa na aina 28 za fedha: dhahabu, fedha, magamba ya kobe, kauri, shaba. Mchuuzi wa mboga wa Chang'an atajua vipi ipi ni ipi? Watu wakarudi kutumia sarafu za zamani au kujitengenezea. Adhabu: akikamatwa mmoja, kaya tano zinaadhibiwa pamoja, wote wanakuwa watumwa wa serikali. Wanaume kwenye magari yenye vizimba, wanawake na watoto kwa miguu, minyororo ya chuma shingoni ikilia njia nzima mpaka kiwanda cha sarafu cha mji mkuu. Malaki ya watu. Wakifika, waume na wake wanabadilishwa, huyu anapewa wa yule. Sita au saba katika kila kumi walikufa kwa dhiki.

Mstari ulionyooka uko wapi hapo? Aliyekataza mtu binafsi kuuza mtumwa mmoja, serikali yake ilitengeneza malaki.

Kobe wa Pwani

Hapo kwenye minyororo sina utetezi. Lakini ukatili wa mtawala aliyeshindwa ni kitu kimoja, uigizaji ni kitu kingine. Wewe ulikuja na hoja ya uigizaji. Mtu anaweza kuamini jambo kwa moyo wote na akaua watu kwa ajili yake. Tena huyo ndiye wa kuogopa zaidi. Wang Mang aliamini kwamba vitabu vya kale vikifuatwa neno kwa neno dunia itanyooka. Ile mibadiliko ya fedha, majina ya mikoa, vyeo, yote aliitoa vitabuni. Mwigizaji hubadilika pale umma unapozomea. Huyu alizidi kusoma.

Fundi Mitaro

Mnabishana juu ya moyo wa mtu na kuusahau mto. Mto Manjano ulivunja kingo mwaka 11 BK na kufunika wilaya nyingi upande wa mashariki. Ndiko walikotoka wale wenye njaa waliojipaka nyusi rangi nyekundu na kuanza uasi. Kuna mwanahistoria, Hans Bielenstein, aliyesema wazi kwamba mto ndio uliomwangusha Wang Mang kuliko sera zake. Hata angekuwa malaika, maji ni maji. Mimi nimefanya kazi za mifereji, nawaambia: ukingo ukishapasuka, siasa inakaa kimya.

Mleta mada

@Fundi Mitaro, nakubaliana kwamba mto haukumwuliza mtu anaamini nini. Ila kuna kipande ambacho wewe kama fundi kitakuuma. Kabla ya mafuriko Wang Mang alikuwa na hofu moja: maji yasije yakafika Yuancheng, yalipo makaburi ya mababu zake. Ukingo ulipovunjika, maji yakaelekea mashariki. Yuancheng ikasalimika. Basi ukingo haukuzibwa.

Fundi Mitaro

Duh. Haukuzibwa kabisa?

Mleta mada

Kwa makusudi. Ukingo ukaachwa wazi.

Fundi Mitaro

Basi naomba niondoe hoja yangu nusu. Maji ya siku ya kwanza ni ya Mungu. Ya mwaka wa pili ni ya fundi.

Mwali Mstaafu

Nimesoma kuanzia juu. Baba huyu, baba yule, Ban Gu, mto. Mada inasema baba mkwe wa kaizari, na msichana mwenyewe amepewa sentensi moja, "binti akaolewa". Basi ngojeni niwaambie habari zake, maana nyie wanaume mnapiga kura juu ya nia ya Wang Mang kama vile hakuna shahidi aliyelala nyumba moja naye.

Aliolewa akiwa na umri wa kama miaka kumi na miwili, na mume wake ni rika lake. Hawakufikisha miaka miwili, mume akafa. Mtoto wa kike huyo akawa malkia mjane akiwa bado hajamaliza kukua. Baba akatafuta mrithi kwenye ukoo wa Han, akapita wote watu wazima, akamchagua mtoto wa miaka miwili, Liu Ying, yeye mwenyewe akajiita Kaimu Kaizari. Kaimu! Sisi tunaofanya kazi maofisini tunawajua makaimu.

Mwaka 9 BK ukaimu ukaisha. Alimshika yule mtoto mkono, akalia machozi mbele ya watu, akasema yeye angependa kurudisha madaraka kama Mtemi wa Zhou wa zamani alivyorudisha, ila mbingu zimemlazimisha. Mtoto akafungiwa kwenye nyumba, walezi wakakatazwa kusema naye. Alikua mtu mzima hajui kutaja majina ya mifugo. Ng'ombe hamjui, kuku hamjui. Halafu Wang Mang akamwoza mjukuu wake, binti wa yule Wang Yu aliyekunywa sumu. Mleta mada, umeona? Kila kiti cha Han alichokigusa alikiwekea binti wa kwake.

Binti yake mwenyewe, yule malkia mjane, alikuwa na miaka kama kumi na minane baba alipojitangaza. Tangu siku ile akawa mgonjwa kila kunapoitishwa kikao cha ikulu. Hatoki. Baba akaona aibu, tena akamwonea huruma, akataka kumwoza tena. Akambadilisha cheo, akamwondolea ujane wa Han, akampa jina la binti wa kifalme wa dola mpya, kama vile hajawahi kuolewa. Kisha akampeleka kijana, mtoto wa waziri wake Sun Jian, amevalishwa akavalika, ameongozana na tabibu, eti wamekuja kumjulia hali mgonjwa.

Nawaomba mjiweke pale. Uko kitandani, baba yako amekutumia bwana harusi aliyejificha nyuma ya mfuko wa dawa.

Alikasirika, akawachapa viboko wahudumu wake waliowaruhusu waingie. Akarudi kitandani, akakataa kuinuka. Baba hakuthubutu kumlazimisha tena. Mtu ambaye dola nzima ilikuwa ikimlilia lango kwa lango, mmoja tu alikuwa anamgomea kwa kulala, na alikuwa mwanawe.

Chumvi ya Mawe

Dada Mwali, na mwisho wake?

Mwali Mstaafu

Mwaka 23 BK waasi wakaingia Chang'an. Watu wa mji wakawasha moto lango la ikulu, moto ukafika kwenye jumba lake. Akasema, "Nina uso gani wa kuonana na watu wa Han?" Akajitupa motoni.

Kobe wa Pwani

Dada, hiki kisa kinaumiza na sitakipinga. Nauliza tu: kinathibitisha nini juu ya ardhi?

Mwali Mstaafu

Kaka Kobe, sikuja na ardhi. Nimekuja kujibu swali la nia, ulilosema hakuna anayeweza kulijibu kwa sababu hakuna aliyekuwa kichwani mwa Wang Mang. Mtu aliyekaa naye meza moja tangu anazaliwa aliliona, na akalijibu kwa miaka kumi na minne.

Mleta mada

Naongezea kidogo kwenye uigizaji, Kobe usichoke. Mwaka huohuo wa 23, waasi wako njiani, washauri wakamwambia kwamba zamani taifa likipata msiba mkubwa watu hulia kuiomba mbingu. Akatoka na maofisa wote mpaka kiwanja cha ibada kusini mwa mji, akajipiga kifua na kulia hadi pumzi ikamkatika. Akaandika orodha ya mema yake aliyoitendea nchi. Wanafunzi na raia wakakusanywa kulia asubuhi na jioni, serikali inawapikia uji. Waliolia kwa uchungu zaidi na wanaoweza kuikariri ile hati wakapewa vyeo. Zaidi ya watu 5,000 wakapandishwa kazi kwa kulia.

Unakumbuka waliolilia binti aolewe? Huenda wale nao walikunywa uji.

Na mahari aliyoikataa? Miezi michache kabla ya hapo, mzee wa miaka sitini na ushei, akapaka nywele na ndevu rangi nyeusi, akaoa malkia mpya kwa jin 30,000 za dhahabu. Adui walipofika, hazina ya ndani ilikuwa na makasha 60, kila kasha dhahabu jin 10,000. Wanajeshi waliotumwa kwenda kufa akawagawia sarafu 4,000 kila mtu. Walipigana kama watu waliolipwa sarafu 4,000.

Kobe wa Pwani

Makasha nayajua. Lakini mkuu, nakuuliza na wewe: siku ya mwisho, moto unamfuata chumba kwa chumba, alikuwa anafanya nini? Alikaa na kisu cha kale mkononi, mtabiri mbele yake na chombo chake cha nyota, na yeye akihamisha mkeka kufuata mkia wa kundi la nyota la Dubu Mkubwa unavyozunguka, akirudia maneno ya Confucius, kwamba mbingu imenipa fadhila, jeshi la Han litanifanya nini? Hakutoroka. Hakuchukua kasha hata moja. Kesho yake wakambeba mpaka mnara uliozungukwa na maji, akauawa na mfanyabiashara, kichwa kikakatwa. Mwigizaji gani anaendelea kuigiza baada ya watazamaji wote kuondoka? Yule mtu aliamini. Aliamini hata katika mambo ya binti yake, na ndiyo maana aliweza kumfanyia yale.

Mleta mada

Hapo umenifanya ninyamaze kidogo.

Labda nirekebishe. Sitasema tena aliigiza kwa maana ya kujua anadanganya. Shangazi yake ndiye aliyemjua zaidi. Wang Mang alipotuma watu kuuchukua muhuri wa kifalme, bibi mwenye umri wa miaka themanini alitukana ukoo wake mwenyewe, akasema mmekula kwa Han baba na mwana, sasa mnaiba kwa yatima. Akautupa chini. Muhuri ukameguka pembe. Yeye ndiye aliyempandisha, na aliposikia binti hana kipaji aliamini. Siku hiyo ya muhuri aliona, amechelewa.

Mwali Mstaafu

Mleta mada, kuna deni. Ulisema utarudi kwa yule mke wa kitambaa cha magoti. Nimesoma mpaka chini sijamwona.

Mleta mada

Kweli kabisa, dada, samahani.

Alikuwa amezaa naye wana wanne. Wang Huo alijiua kwa amri ya baba. Wang Yu akanywa sumu gerezani. Mama akalia, akalia, mpaka macho yakaingia giza, hakuona tena. Wakati huo ndiye malkia. Wang Mang akamweka mwana wa nne, Wang Lin, akae kwa mama kumhudumia. Huko Wang Lin akawa na uhusiano na mhudumu mmoja aliyekuwa pia na baba yake, akaogopa siri itatoka, akaanza kupanga kumuua baba. Mama akafa mwaka 21 BK kabla ya siri kufichuka. Baadaye Wang Lin akaletewa sumu. Akakataa kuinywa, akajichoma kisu.

Kobe wa Pwani

Wana watatu.

Mleta mada

Watatu. Wa kwanza kwa ajili ya mtumwa, wa pili kwa ajili ya damu ya mlangoni, wa tatu kwa mwanamke. Aliyebaki aliugua akafa mwenyewe mwaka huohuo.

Kobe wa Pwani

Kwenye ardhi bado nipo, mkuu, na nitafungua uzi wake. Kwenye nyumba yake narudisha kiti.